Kutambua mimea pori ya familia ya jentiani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Mvua za vuli zikishika, simu yangu hujaa picha. Mmea mmoja umepigwa picha pembeni mwa njia Mtwapa, mwingine kwenye mchanga wa Likoni, mwingine Kwale kwenye nyasi zilizolowa, na chini ya kila picha swali ni lile lile: "Hii ni jentiani?" Mara nyingi siyo. Ila safari moja moja huwa ndiyo, na siku hiyo nafurahi mpaka nalala nayo. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi, pamoja na majibu ninayoyatoa nikiwa nimepiga magoti na lenzi mkononi. Nimemwandikia mkaazi wa Mombasa na vitongoji vyake asiye na maabara, ila ana macho na subira.

Jentiani ni mmea gani hasa?

Si mmea mmoja. Ni familia nzima, kwa jina la kitaalamu Gentianaceae, yenye jenasi (vikundi vya mimea iliyo jamaa) karibu 100 na spishi (aina) zipatazo 1,700 duniani. Jina limetokana na Gentius, mfalme wa Iliria katika karne ya 2 kabla ya Kristo, ambaye watu wa kale walisema ndiye aliyegundua manufaa ya mzizi wake mchungu.

Wengi wakilisikia jina hili huwaza maua ya buluu iliyokolea yanayoota kwenye milima ya Ulaya. Hayo yapo kweli, lakini ni tawi moja tu la ukoo mpana. Kuna jentiani za manjano, za waridi, nyeupe, za zambarau, na hata jentiani ambazo ni miti mirefu. Huku kwetu pwani nyingi ni vijimea vya chini unavyoweza kuvikanyaga bila kujua.

Jambo moja lishike tangu mwanzo, maana litatusaidia mbele: jentiani ni jamaa wa karibu wa familia ya mkahawa na ile ya vinka, yale maua ya waridi na meupe yaliyojaa kwenye nyua zetu. Ndiyo sababu zinafanana. Anayekupoteza hapa ni binamu, si mgeni.

Kwani Mombasa zipo? Mimi sijawahi kuona.

Zipo pwani, na pengine umeshaziona bila kuzijua. Iliyo rahisi kukutana nayo ni Enicostema axillare, mmea mdogo wa maua meupe unaopenda mchanga, nyasi fupi na kando ya njia. Huo huo huota India pia, kwa hiyo Bahari ya Hindi imeuzunguka kama ilivyowazunguka watu wake.

Usizitafute katikati ya mji palipojaa saruji. Nenda mahali ambapo udongo haujapinduliwa na nyasi si ndefu: viwanja vya zamani, kingo za mashamba, nyanda zilizo wazi za Shimba Hills. Wakati mzuri ni wiki chache baada ya mvua kuanza, iwe masika au vuli, mmea ukiwa na maua na vitumba na matunda kwa pamoja. Jua likiwa limepanda kidogo, saa tatu au saa nne asubuhi, ndio muda wa kutoka. Katika familia hii yapo maua mengi yanayojifunga kukiwa na mawingu au jioni, nawe utapita ukidhani ni mmea usio na ua.

Nikishaushika mmea, nianze kuangalia nini?

Anza na majani, si ua. Najua ua ndilo linalovuta macho, lakini majani yatakuondolea nusu ya kazi kabla hujachoka.

Majani ya jentiani hutoka mawili mawili yakikabiliana, moja huku na jingine kule, kwenye kifundo kimoja cha shina. Ukiona majani yanapishana, moja juu na jingine chini zaidi, karibu kila mara unaweza kuuacha mmea huo ukaendelea na safari. Ukingo wa jani hauna meno. Pitisha kidole, utateleza. Kwa kawaida jani halina kikonyo, limekaa moja kwa moja juu ya shina, na mara nyingi lile na mwenzake yameshikana chini kwa mstari mwembamba unaozunguka shina. Mmea wote huwa laini, bila vinyweleo au na vichache mno.

Kisha chungulia pale kati ya majani mawili, kwenye shina penyewe. Je, kuna jani dogo sana, kiutando au vijinywele vilivyosimama kama kope? Hizo ni stipuli, na jentiani hazina. Familia ya mkahawa inazo. Kwa hiyo alama hii ndogo, ambayo bila lenzi huioni vizuri, ndiyo inayowatenga binamu hawa wawili. Mimi huiangalia hata pale ninapodhani nina uhakika.

Sasa njoo kwenye ua, na hasa kitumba kilichokaribia kufunguka. Petali za jentiani, zile sehemu za ua zenye rangi, zikiwa bado zimefungwa husokotana upande mmoja, kila petali ikiifunika jirani yake kidogo, kama leso uliyoikamua maji. Zikifunguka utaona zimeungana chini kuwa mrija au kikombe, na juu zimegawanyika, kwa kawaida nne au tano. Hesabu stameni, vile vijiti vyembamba vinavyobeba chavua, yaani unga wa ua: idadi yake ni sawa na ya petali, na kila stameni imejishika kwenye mrija katikati ya petali mbili, haikusimama mbele ya petali. Mmea wenye stameni zinazoelekeana na petali uso kwa uso ni wa familia nyingine.

Mwisho ni kifuko cha mbegu. Katika jentiani kimekaa ndani ya ua, juu ya sepali, yale majani madogo ya kijani yanayolishika ua kwa chini. Nikiwa na watoto huwaeleza kwa vitu vya jikoni. Biringani limevaa kofia ya kijani upande wa kikonyo, maana yake tunda lilikua juu ya sepali. Pera lina masalia ya ua upande wa pili, mbali na kikonyo, maana yake tunda lilikua chini ya ua. Jentiani ni kama biringani. Familia ya mkahawa, kwa sehemu kubwa, ni kama pera.

Tunda la jentiani likikauka hupasuka vipande viwili kuanzia juu na kumwaga mbegu ndogo sana, nyingi, kama pilipili manga iliyosagwa.

Hakuna alama hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Zote zikikutana, hapo sema.

Mwalimu, bibi yangu alinifundisha kuonja. Jani likiwa chungu sana si ndiyo jentiani?

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa heshima zote kwa bibi.

Ni kweli jentiani ni chungu. Uchungu wake ni mashuhuri duniani. Ndani ya baadhi yake mna kitu kiitwacho amarogentini, ambacho hutajwa miongoni mwa vitu vichungu kuliko vyote. Ulimi hukihisi hata kikichanganywa sehemu 1 kwa sehemu milioni 58 za maji. Na sisi watu wa pwani tumelelewa na uchungu: mwarobaini kwa homa, shubiri kwa tumbo. Akilini mwetu kichungu na dawa ni ndugu.

Lakini uchungu hautambulishi mmea. Mimea mingi hutengeneza uchungu kwa ajili ya kujilinda na waliao majani, na mingine katika hiyo imeweka sumu pamoja na uchungu. Mfano ulio karibu nasi ni msunguti, Acokanthera, ambao wawindaji wa huku tangu zamani waliupika kupata sumu ya mishale. Sumu yake hushika moyo. Sasa tazama mmea wenyewe: majani yanakabiliana, ukingo hauna meno, jani ni laini, petali zimeungana kuwa mrija na ncha zake zimesokotana. Yaani zaidi ya nusu ya alama nilizozitaja hapo juu unazo, kwa sababu ni wa familia ya vinka, binamu wa jentiani. Anayetambua kwa ulimi atafanya kosa asilopata nafasi ya kulirekebisha.

Hata huko Ulaya ajali hizi zimetokea. Wachimbaji wa mzizi wa Gentiana lutea, jentiani kubwa ya manjano, wamewahi kuchimba Veratrum album kwa makosa, mmea wenye sumu kali unaoota milima ile ile na unaofanana nao sana kabla ya kutoa maua. Kinachoitenganisha ni kitu kimoja tu cha kuangalia kwa macho: majani ya jentiani yanakabiliana, ya Veratrum yanapishana. Macho yangeona mara moja kitu ambacho ulimi hauwezi kukijua.

Kwa hiyo usionje. Wala usimwambie mtoto aonje.

Enicostema nitaijuaje? Kila mmea mdogo wa maua meupe naona ndio huo huo.

Swali zuri, na ndilo linalonichukua muda mwingi kuliko yote.

Enicostema axillare ni mmea wa kudumu, wa chini, mara nyingi hauvuki goti. Shina lake lina pembe au mistari inayoshuka kwa urefu. Majani ni membamba marefu, yanakabiliana, na ukiyaelekeza juani utaona mishipa inayotoka chini na kwenda sambamba. Maua ni madogo, meupe, petali tano, na hayana vikonyo: yamejibana kwenye makwapa ya majani, kifundo baada ya kifundo, kama vishada vilivyoshonwa kwenye shina. Ukifungua ua kwa sindano na kulitazama kwa lenzi, chini ya kila stameni utaona kigamba kidogo kilichokunjamana kama kofia. Nilipokiona mara ya kwanza nilikaa chini kabisa. Kitu kidogo namna ile, kimefichwa ndani ya ua ambalo hakuna anayeligeukia.

Wanaofanana nayo ni watatu, na wote ni kwekwe za kawaida.

Wa kwanza, na mgumu zaidi, ni Spermacoce. Nayo ina shina la pembe, majani yanayokabiliana, maua meupe yaliyosongamana kwenye vifundo. Ukiiona ukiwa umesimama, utaapa. Inama basi. Hesabu petali: nne, si tano. Angalia kati ya majani: kuna kiutando chenye vijinywele vigumu kama kope. Hiyo ni stipuli, na hapo mjadala umekwisha. Ni familia ya mkahawa.

Wa pili ni Leucas, ambayo maua yake meupe huzunguka shina kama mkufu. Shika jani ulisugue: lina vinyweleo, na hutoa harufu, kwa kuwa ni jamaa wa mrehani. Ua lake lina midomo miwili, wa juu umejaa manyoya. Ua la Enicostema ni duara, ukiligawa popote katikati unapata nusu zinazofanana.

Wa tatu ni Scoparia dulcis. Petali nne ndogo sana zenye nywele katikati, majani mara nyingi matatu kwenye kifundo kimoja, na ukingo una meno. Huu ni rahisi ukishauzoea.

Vinka iliyotoroka bustanini inanichanganya.

Vinka, Catharanthus roseus, asili yake ni Madagaska na sasa imeota kila mahali pwani, mpaka kwenye nyufa za kuta. Kitumba chake kimesokotana vile vile. Angalia matunda: ua moja la vinka huacha maganda mawili membamba yaliyosimama kama pembe. Jentiani huacha tunda moja linalopasuka vipande viwili. Na kwa familia hiyo kwa jumla, ukivunja jani likatoa utomvu mweupe kama maziwa, nawa mikono na uache. Jentiani hazina maziwa.

Ua la buluu si alama?

Hapana. Rangi iweke mwisho kabisa kwenye daftari.

Kuna mmea unaoelea bwawani, majani kama ya yungiyungi, na kitabu cha zamani kinasema ni jentiani. Ni kweli?

Kitabu hakikukosea kwa wakati wake. Mimea ya Nymphoides iliwahi kuwekwa ndani ya familia hii. Baadaye ikaonekana inafaa familia yake yenyewe, Menyanthaceae, na uchunguzi wa vinasaba umeiweka karibu na alizeti kuliko jentiani. Kwa macho utaitofautisha kwa petali: kingo zake zina utando uliochanika chanika au vinyweleo, na kwenye kitumba petali hazikusokotana. Ukikuta kitabu au lebo ya zamani yenye jina hilo chini ya jentiani, andika familia mpya pembeni na usifute ile ya zamani. Historia ya jina nayo ina faida.

Umesema kuna jentiani ambazo ni miti. Ziko wapi?

Safari fupi tu kutoka hapa. Vuka mpaka uende Tanga, upande milima ya Usambara, ukafike misitu ya Amani. Huko kuna Anthocleista grandiflora, mti mrefu wenye shina lililonyooka na majani makubwa ajabu. Mti ukiwa mchanga jani moja hupita urefu wa mtoto wa shule ya chekechea. Majani yamekusanyika kwenye ncha za matawi kama mwavuli. Maua yake ni meupe au rangi ya maziwa, manene, yenye petali nyingi kuliko nne au tano tulizozizoea, kuanzia nane kwenda juu, na sepali zake ni nne. Tunda halipasuki, lina nyama.

Yaani unavunja kanuni kadhaa nilizokupa. Kwa miaka mingi uliwekwa kwenye familia ya Loganiaceae pamoja na mitonga, mpaka miaka ya 1990 wataalamu walipoupitia upya na kuona kwamba ni jentiani. Usiuchukie kwa hilo. Majani bado yanakabiliana, kitumba bado kimesokotana, na kifuko cha mbegu bado kimekaa juu ya sepali. Kumbe zile alama za ndani ndizo zilizobaki, hata umbo lilipobadilika kutoka kijimea cha mchangani hadi mti wa msituni. Singapore wana jamaa yake pia, mti wa tembusu, na wameuheshimu hadi kuuweka kwenye noti yao ya dola 5.

Nikipanda bara, kwa mfano Mlima Kenya au Kilimanjaro, nitegemee kuona nini?

Nyingi, na zinazoonekana vizuri kuliko zetu. Kule juu kwenye nyanda za baridi tafuta Swertia. Moja imepewa jina la mlima wenyewe, Swertia kilimandscharica. Ua la Swertia hufunguka kama nyota, petali zake zikionekana kama hazikuungana kabisa, na hilo huwachanganya wengi. Siri iko kwenye petali: karibu na chini ya kila moja kuna kishimo kimoja au viwili vya asali, mara nyingi vimezungushiwa vinyweleo. Hakuna ua lingine la nyanda zile litakalokuonyesha vishimo hivyo pamoja na majani yanayokabiliana.

Kwenye nyasi za nyanda za juu kuna pia Sebaea, kijimea cha maua ya manjano. Ukiwa na lenzi nzuri angalia nguzo nyembamba ya katikati ya ua. Kwenye mimea mingi chavua hupokewa kwenye ncha ya nguzo hiyo tu. Sebaea ina sehemu ya pili ya kupokea, katikati ya nguzo, chini ya ncha. Ua likikosa wadudu hali ya hewa ikiwa mbaya, chavua yake lenyewe inaweza kufika pale na mbegu zikapatikana. Mimi kila nikieleza jambo hili nasimama kidogo. Mmea wa urefu wa kidole umejiwekea akiba.

Exacum na Canscora zinatofautianaje?

Zote mbili ni jentiani, na hutofautiana kwa stameni. Exacum ina stameni za manjano zinazotoa chavua kupitia vitundu vidogo kwenye ncha, kama kichupa cha chumvi cha mezani, na nguzo ya katikati mara nyingi imepinda upande mmoja. Nyuki anayezijua hutetemesha ua ili chavua imwagike. Ile inayouzwa kama ua la chunguni, Exacum affine, asili yake ni kisiwa cha Sokotra, ambacho mabaharia wetu walikipita kila msimu wa pepo.

Canscora ina petali nne na stameni zisizolingana: moja au mbili ni kubwa, nyingine ndogo. Ua lake kwa hiyo huonekana limeegemea upande. Zote mbili hupenda mahali penye unyevu.

Nataka kujizoeza nyumbani kabla ya kwenda porini. Nitumie nini?

Nenda kwa muuza maua uulize lisianthus, ambalo hutumika sana kwenye mashada na mapambo ya harusi. Jina lake la kitaalamu ni Eustoma grandiflorum, asili yake Marekani na Meksiko, nalo ni jentiani halisi. Chagua lenye safu moja ya petali, si lile lililojazwa kama waridi, maana hilo wakulima wamelizidishia petali na hesabu itakuharibikia. Liweke mezani. Utaona majani yanayokabiliana yasiyo na kikonyo, rangi ya kijani chenye vumbi la kijivu. Vitumba vimesokotana waziwazi. Lipasue katikati kwa wembe uone kifuko cha mbegu kilivyokaa, na stameni zilivyojishika kwenye mrija. Nusu saa na ua moja itakufundisha kuliko wiki nzima ya kutazama picha.

Programu ya simu imenipa jina. Niliamini?

Lichukue kama fununu. Programu hizi zimejifunza kwa picha za watu, na sehemu kubwa ya picha hizo zimetoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, hivyo hupenda kukupa mmea wa huko unaofanana na wa kwako. Kabla ya kulikubali jina jiulize: mmea huo unajulikana kuota Afrika Mashariki? Kisha rudi kwenye mmea, pitia alama moja moja. Jina la familia mara nyingi huwa sahihi pale ambapo jina la spishi ni makosa.

Nipige picha gani ili mtu aweze kunisaidia?

Picha moja ya ua kwa mbele haitoshi, na ndiyo ninayotumiwa na kila mtu. Naomba hizi: mmea mzima pale ulipoota, pamoja na udongo na majirani zake, kifundo cha shina kwa karibu, majani mawili yakionekana yanavyokaa, ua kwa mbele, ua kwa ubavu, ili sepali na mrija vionekane, kitumba, na tunda likiwepo. Weka sarafu ya shilingi kando yake ili ukubwa ujulikane. Upepo wa kusi ukivuma hutapata picha tulivu, basi mwombe mwenzako asimame akukinge kwa mwili wake.

Naruhusiwa kuchuma?

Inategemea ni wapi. Ndani ya hifadhi kama Shimba Hills usichume chochote bila kibali. Kwenye misitu ya kaya, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda, wazee ndio wenye neno. Misitu hiyo iliwekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini ilikuwa na heshima yake karne nyingi kabla ya hapo. Kaya Kinondo, karibu na Diani, hupokea wageni kwa utaratibu wake. Fuata utaratibu huo, vaa unachoambiwa uvae, na usitoke na hata jani.

Kwenye ardhi ya mtu, muombe mwenyewe. Na popote ulipo, hesabu kwanza. Mimea ikiwa michache, piga picha uondoke.

Nikipewa ruhusa, nikaushe vipi? Yangu yote yaliota ukungu.

Unyevu wa Mombasa ndio adui. Wenzetu wa bara huweka mmea kwenye gazeti wakausahau. Hapa ukiusahau siku mbili umeupoteza. Tandaza mmea ndani ya gazeti siku ile ile, ukiwa haujanyauka, jani moja ligeuzwe ili upande wa chini uonekane, ua moja lipasuliwe na kulazwa wazi. Weka mbao juu na mzigo mzito. Badilisha magazeti kila siku kwa wiki ya kwanza, asubuhi na jioni ikiwa ni masika, na yale yaliyolowa uyaanike juani yatumike tena. Usiweke mmea wenyewe juani, utajikunja.

Andika lebo kabla hujalala: mahali, tarehe, aina ya udongo, kimo cha mmea, mimea iliyo jirani, na rangi ya ua. Rangi usiache, kwa sababu hufifia mmea ukikauka na hakuna atakayeijua tena. Sampuli nzuri yenye lebo kamili inaweza kupelekwa kwa wataalamu wa mimea wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, palipo na Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Amani na kuhamia Nairobi mwaka 1950. Sampuli isiyo na lebo ni majani makavu tu.

Chiraita inayouzwa Marikiti ni jentiani?

Chiraita halisi ni Swertia chirayita, jentiani ya milima ya Himalaya, na inafika kwetu ikiwa vijiti vikavu vya kahawia. Tatizo ni kwamba jina hilo hilo hupewa mimea mingine michungu, ikiwemo isiyo ya familia hii kabisa, na kijiti kikavu kisicho na ua wala jani hakiwezi kutambuliwa kwa macho matupu. Kama unaitumia kwa sukari au homa, mwambie daktari wako unachokunywa. Si kwa kudharau dawa za wazee. Ni ili dawa mbili zisije zikagombana ndani yako.

Wazee wa kwetu wana majina yao kwa mimea hii. Niyaandike wapi?

Kwenye lebo, mstari wa peke yake, na mapema. Andika jina kama lilivyotamkwa, lugha gani, iwe Kidigo, Kigiriama, Kirabai au Kimvita, kijiji gani, na matumizi ikiwa mzee ameridhia yatajwe. Muoneshe mmea wenyewe, si picha kwenye simu. Wazee wengi huushika, huuvunja, huunusa ndipo waseme. Ukikuta jina moja linatumika kwa mimea mitatu usimsahihishe. Muulize, "Na huu, babu, nao mnauitaje ukiwa na maua?" Mara nyingi jina la pili hutoka hapo, na hilo ndilo la kuandika.